Maoni: Kabla ya kuongeza 'about', tukiulize kwanza Kiswahili chetu

Februari 2024, mapigano yalipoikaribia Sake, mji mdogo ulio kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Goma, barabara ilijaa watu. Akina mama walibeba magodoro kichwani. Vijana walisukuma chukudu zilizopakiwa masufuria, mabeseni na watoto. Pikipiki moja ilibeba familia nzima. Wote walikuwa wakija upande mmoja tu, upande wa Goma.

Jioni hiyo nilimtumia mhariri mmoja aliyeko Nairobi ujumbe mfupi wa Kiingereza. Niliandika: "Thousands of families left for Sake this morning." Nusu saa baadaye akanipigia simu.

"Ndugu yangu, kwa hiyo hali imetulia? Watu wanarudi makwao?"

"Wanarudi wapi?" nikamjibu kwa mshangao. "Watu wanakimbia."

"Lakini wewe umeandika kwamba wanaelekea Sake."

Nikausoma tena ujumbe wangu, nikaona aibu. "Left Sake" maana yake wameondoka Sake. "Left for Sake" maana yake wameondoka kwenda Sake. Neno moja la herufi tatu lilikuwa limewageuza maelfu ya watu barabarani na kuwarudisha kwenye risasi walizokuwa wakizikimbia. Bahati nzuri, mhariri aliuliza kabla ya kuchapisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza neno lile lilitoka wapi, maana nimesomea uandishi wa habari chuo kikuu na Kiingereza nakitumia kila siku. Jibu nililolipata ni kwamba kichwani nilikuwa naandika Kifaransa. Kwa Kifaransa mtu husema "partir de Sake", na kati ya kitenzi na jina la mji pana kijineno. Kwa hiyo "left" ilipokaa peke yake niliiona kama imepungukiwa, nikaitafutia kijineno cha kuijaza.

Vijineno hivi, yaani "for", "to", "about", "of", "on", "with" na wenzake, wataalamu wa sarufi huviita vihusishi. Hoja yangu leo ni fupi. Hapa Goma tunavirundika vihusishi nyuma ya vitenzi vya Kiingereza ambavyo havivihitaji, na mara nyingi chanzo chake ni kwamba tunapita njia ya Kifaransa kwenda Kiingereza, wakati Kiswahili tulichokuwa nacho tangu utotoni kingetufikisha salama zaidi.

Kiingereza si pambo hapa

Huenda msomaji akasema kwamba mji wenye matatizo kama ya Goma hauna nafasi ya kubishana kuhusu "for" na "about". Mimi naona ni kwa sababu ya matatizo hayo hayo kwamba jambo hili linatuhusu.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inaitaja lugha rasmi kuwa Kifaransa, na lugha za taifa kuwa nne: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba. Kiingereza hakimo. Lakini ukitaka kazi katika mashirika ya misaada, tangazo linakuomba Kiingereza. Ukivuka mpaka kuingia Gisenyi, unawakuta vijana waliosoma kwa Kiingereza, kwani Rwanda iliamua mwaka 2008 kukifanya kuwa lugha ya kufundishia. Julai 2022, Kongo ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kiingereza kimekuwa lugha yake rasmi tangu mkataba wa kuiunda. Mfanyabiashara wa Birere anayeagiza bidhaa Kampala au Dubai anaandikiana na muuzaji kwa Kiingereza kwenye simu yake.

Na sisi waandishi wa habari tuna mzigo wetu. Januari 2025, vita vilipoingia ndani ya Goma yenyewe, sentensi fupi za Kiingereza zilizotumwa kwa simu zilikuwa miongoni mwa njia ambazo watu wa nje walitumia kujua yanayotupata. Sentensi kama hiyo haina nafasi ya kukosewa mwelekeo.

Mzigo uliobaki forodhani

Jumamosi moja nilialikwa kuzungumza na vijana wanaokutana kufanya mazoezi ya Kiingereza katika mtaa wa Katindo. Binti mmoja alinionyesha barua yake ya kuomba kazi. Alikuwa ameandika: "I attended to many meetings where we discussed about security, and I answered to the questions of the population."

Kila kitenzi katika sentensi hiyo kilikuwa kimebebeshwa mzigo usio wake. Kiingereza sanifu kinasema "I attended many meetings", "we discussed security", "I answered the questions". Lakini ukiitafsiri barua ile kwa Kifaransa, utaona mara moja vijineno vilikotoka: "assister à", "discuter de", "répondre à". Binti yule hakuwa mvivu. Alikuwa amejifunza vizuri, ila daftari lake la msamiati lilikuwa na Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande wa pili, na "de" na "à" zilikuwa zimevuka mstari wa katikati.

Orodha ni ndefu. Tunasikia "obey to the law" kwa sababu ya "obéir à". Tunasikia "resist to the enemy" kwa sababu ya "résister à", "enter in the house" kwa sababu ya "entrer dans", "approach to the city" kwa sababu ya "s'approcher de", "resemble to his father" kwa sababu ya "ressembler à", "I asked to the governor" kwa sababu ya "demander à", na "emphasize on peace" kwa sababu ya "insister sur". Katika zote, Kiingereza kinataka kitenzi kikutane na mtendwa wake moja kwa moja.

Kinachochekesha ni kwamba vitenzi vingi kati ya hivyo vyenyewe vilitoka kwenye Kifaransa. Baada ya William wa Normandy kuiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kifaransa yaliingia Kiingereza kwa karne kadhaa. "Enter", "obey", "resist", "approach", "resemble" na "survive" ni wahamiaji wa aina hiyo. Leo vitenzi hivyo vinatembea bila "à" wala "de", kama abiria aliyevuka mpaka akauacha mzigo wake forodhani. Sisi tunaufuata mzigo ule, tunaubeba, tunampelekea tena.

Kiswahili kilikuwa na jibu

Sasa tuiweke barua ya binti yule katika Kiswahili: nilihudhuria mikutano mingi, tulijadili usalama, nilijibu maswali. Hakuna kijineno hata kimoja kati ya kitenzi na mtendwa wake, sawa kabisa na Kiingereza.

Endelea na ile orodha nyingine. Kutii sheria, obey the law. Kumpinga adui, resist the enemy. Kuukaribia mji, approach the city. Kumuuliza gavana, ask the governor. Kusisitiza amani, emphasize peace. Kambi inakosa maji, the camp lacks water, wakati Mfaransa anasema "manquer d'eau". Kikosi kinajumuisha madaktari watano, the team comprises five doctors, bila ile "comprises of" inayojaa kwenye ripoti zetu. Na waliondoka Sake, they left Sake. Laiti jioni ile ya Februari ningekiuliza Kiswahili changu badala ya Kifaransa cha shuleni, mhariri wa Nairobi asingenipigia simu.

Kuna jambo la pili ambalo Kiswahili kinatufundisha. Makosa mengine hayatoki kwenye Kifaransa. Yanatoka kwenye kuchanganya kitenzi na nomino yake. Kwa Kiingereza, nomino hutaka kihusishi mahali ambapo kitenzi hakikitaki: "a discussion about security" lakini "discuss security", "an attack on the village" lakini "attack the village", "a request for help" lakini "request help", "a lack of water" lakini "lack water".

Watu wengi hudhani hiyo ni sheria ngeni ya kukaririwa kwa taabu. Tazama Kiswahili: mjadala kuhusu usalama, lakini kujadili usalama. Mashambulizi dhidi ya kijiji, lakini kushambulia kijiji. Ombi la msaada, lakini kuomba msaada. Ukosefu wa maji, lakini kukosa maji. Ni mpango ule ule. Mama anayeuza mboga soko la Virunga anaufuata kila siku bila kukosea.

Kiswahili nacho kina mitego yake

Sitaki kumdanganya msomaji. Kanuni hii ni fimbo ya kutembelea, si barabara yenyewe, na kuna mahali Kiswahili kitakuangusha.

Kwanza kuna "na" yetu. Tunasema kujiunga na, kuwasiliana na, kufanana na, halafu tunaandika "join with the group", "contact with us", "resemble with his brother". Kiingereza kinasema "join the group", "contact us", "resemble his brother". Kwa "enter" pia jihadhari, maana sisi husema kuingia ndani ya nyumba, lakini wao husema "enter the house". Hata hivyo, ukiingia mkataba, "enter into an agreement" ni sahihi.

Pili, kuna vitenzi ambavyo Kiswahili na Kifaransa vyote viwili havina kihusishi lakini Kiingereza kinakitaka. Kusikiliza redio, "écouter la radio", ni "listen to the radio". Kusubiri basi, "attendre le bus", ni "wait for the bus". Kutafuta kazi, "chercher du travail", ni "look for work". Hivi ni vya kujifunza kimoja kimoja, na vinatuonya tusije tukageuka wafyekaji wa kila kihusishi tunachokutana nacho.

Tatu, kuna vitenzi vinavyokubali njia zote mbili, lakini kila njia ina maana yake. Hapa ndipo mwandishi wa habari wa Kivu anapaswa kusimama na kufikiri. "Soldiers searched the boys" maana yake askari waliwapekua vijana, yaani vijana walikuwepo mbele yao. "Soldiers searched for the boys" maana yake waliwatafuta, na pengine hawakuwapata. "The driver was shot" ni dereva alipigwa risasi. "The driver was shot at" ni alifyatuliwa risasi, na huenda hakuguswa hata na moja. "The commander will answer the accusations" ni kamanda atazijibu tuhuma. "The commander will answer for the crimes" ni atawajibishwa kwa uhalifu huo.

Na iko hatari zaidi ya zote: "The young men fought with the army." Msomaji mmoja ataelewa kwamba vijana walipigana dhidi ya jeshi. Mwingine ataelewa kwamba walipigana upande wa jeshi. Katika mkoa wetu, kutajwa upande usio wako kunaweza kumgharimu mtu maisha. Kama walikuwa maadui, andika "fought the army". Kama walikuwa upande mmoja, andika "fought alongside the army". Usimwachie msomaji achague.

Kwa nini tusiseme 'tumeelewana, inatosha'?

Rafiki yangu mmoja anayefundisha Kiingereza aliniambia kwamba ninajisumbua. Nairobi na Kampala utawasikia watu wenye elimu kubwa wakisema "discuss about" na "request for", na hakuna anayeshindwa kuwaelewa. Isitoshe, wenyewe hawakubaliani. Mmarekani huandika "protest the decision" na "appeal the verdict", Mwingereza hupendelea "protest against the decision" na "appeal against the verdict". Mmarekani husema "write me", Mwingereza "write to me". Basi nani ana haki ya kumcheka kijana wa Ndosho?

Ana hoja, na sehemu yake naikubali. Kumcheka mtu kwa sababu ya "discuss about" ni ujinga. Nimewahi kuona kijana akinyamaza mkutano mzima kwa kuogopa kuchekwa, wakati yeye ndiye aliyekuwa na habari tuliyoihitaji. Bora aseme na kosa lake kuliko anyamaze.

Lakini "tumeelewana" haitoshi kila mahali. Barua ya kuomba kazi husomwa na mtu asiyekujua, mwenye barua nyingine nyingi mezani, na anatafuta sababu ya kuipunguza ile rundo. "Discussed about" inampa sababu hiyo bure. Ujumbe wa habari husomwa na mtu aliye mbali ambaye hawezi kuona barabara ya Sake kwa macho yake. Kwake yeye, maneno uliyoandika ndiyo barabara. Na mtu aliyezoea kuongeza vihusishi pasipohitajika hatagundua siku ile anapoongeza kinachogeuza maana. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika "discuss about" kwa miaka bila mtu kulalamika. Mazoea hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye "left for".

Kosa limeshaingia nyumbani

Linalonisikitisha zaidi ni kwamba sasa ugonjwa huu umevuka na kuingia katika Kiswahili chetu wenyewe. Sikiliza taarifa za habari, soma kurasa zetu: "walijadili kuhusu usalama", "alielezea kuhusu hali ya kambi", "walizungumzia juu ya amani", "alihudhuria kwenye mkutano", "alisisitiza juu ya umoja".

Chukua "kuzungumzia". Ile "-ia" mwishoni imewekwa pale kufanya kazi ya "kuhusu". Unaweza kuzungumza kuhusu amani, au ukazungumzia amani. Ukisema "kuzungumzia juu ya amani" umeajiri wafanyakazi wawili kwa kazi ya mmoja. Wazee wetu walitupa kitenzi kinachobeba kihusishi tumboni mwake, na sisi tunakifungia kingine mgongoni.

Kwa hiyo siwalaumu wanafunzi peke yao. Sisi wa vyombo vya habari, tunaosikika kila asubuhi, tumekuwa walimu wabaya.

Tufanye nini?

Binti yule wa Katindo aliniuliza: "Yaya, sasa nitajuaje kitenzi gani kinataka kile kijineno na kipi hakikitaki?" Nilimpa njia ninazozitumia mwenyewe, nami nazirudia hapa.

Usiandike kitenzi peke yake kwenye daftari. Kiandike na mtendwa wake: si "discuss", bali "discuss the price". Si "wait", bali "wait for the bus". Kitenzi kikikariririwa na jirani yake, hakitakudanganya.

Upande wa pili wa daftari weka Kiswahili kabla ya Kifaransa. Walimu wa Kiingereza wa Goma wanaweza kulianza hili kesho asubuhi, bila kungoja kitabu kipya wala amri kutoka Kinshasa. Darasani mwenye Kiswahili wako wengi, na kukitumia si kurudi nyuma.

Ukimaliza kuandika, funika kihusishi kwa kidole na usome tena. Kama maana haikubadilika na sentensi bado imesimama, kiondoe. Kama maana imebadilika, amua ni ipi uliyoikusudia. Ukiwa na shaka, fungua kamusi na usome mifano yake ya sentensi, usiishie kwenye tafsiri ya neno.

Na wenzangu wa vyumba vya habari: tuanze na Kiswahili chetu. Tukiweza kusema "walijadili usalama" hewani, tutaandika "they discussed security" bila kutafuta msaada.

Ujumbe wangu ule wa Februari bado uko kwenye simu yangu. Nimeuacha makusudi. Kila ninapotaka kutuma habari kwa Kiingereza, nauangalia kwanza, kisha najiuliza kwa Kiswahili: watu hawa wameondoka wapi, na wanaelekea wapi?